Wanawake wa Uswisi na Haki ya Kura

Leo twataka kuwasimulia habari za Uswisi, nchi ndogo ya milima iliyo katikati ya Ulaya. Watu wa nchi hiyo wamesifiwa tangu zamani kwa jambo moja: hawana mfalme, bali hujitawala wenyewe. Katiba yao haiwezi kubadilishwa mpaka raia wameulizwa kwa kura. Na katika majimbo machache raia hukutana uwanjani mara moja kila mwaka, wakakata shauri kwa kuinua mikono, kama walivyofanya babu zao kwa mamia ya miaka.

Lakini yafaa tuulize, raia hao walikuwa nani? Katiba ya mwaka 1848 ilisema ya kuwa Waswisi wote ni sawa mbele ya sheria. Ajabu ni kwamba neno hilo “wote” lilisomwa kana kwamba limeandikwa “wanaume wote.” Mwanamke alilima, alifanya kazi viwandani, alifundisha watoto shuleni na kulipa kodi, wala hakuwa na neno katika mashauri ya nchi yake.

Mwaka 1928 wanawake walifanya maonyesho makubwa ya kazi zao katika mji wa Bern. Katika maandamano yao walikokota sanamu kubwa ya konokono, kuonyesha mwendo wa haki yao. Hapana aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Kwa nini mwendo ulikuwa wa konokono? Nchi ya Ufini iliwapa wanawake kura mwaka 1906, na katika nchi nyingine nyingi baraza la sheria ndilo lililokata shauri. Katika Uswisi ilibidi wanaume wote waulizwe kwanza, nao ndio waliokuwa na kura. Wahenga wetu walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wengi walidai ya kuwa mahali pa mwanamke ni nyumbani, na hata wanawake wengine waliungana nao.

Mwaka 1957 serikali ilitaka kuwapasa wanawake utumishi wa kuwalinda raia wakati wa vita. Wakuu wa kijiji cha Unterbäch, huko milimani, waliona si haki kumtwika mtu mzigo pasipo kumwuliza. Basi mwezi wa Machi wakawaruhusu wanawake wa kijiji kupiga kura juu ya shauri hilo. Kura zao zilitiwa katika sanduku la peke yake, na serikali ikakataa kuzihesabu.

Tarehe 1 Februari 1959 wanaume wa nchi nzima waliulizwa. Katika kila watatu waliopiga kura, wapata wawili walisema la. Lakini siku ile ile jimbo la Vaud liliwapa wanawake kura katika mambo ya jimbo lenyewe, na majimbo mengine yakafuata. Watu wakaona ya kuwa nyumba hazikubomoka. Kisha serikali ikataka kutia sahihi mapatano ya Ulaya ya haki za binadamu, huku ikiacha nje haki za wanawake. Wanawake wakakasirika, na mwezi wa Machi 1969 maelfu waliandamana mpaka Bern wakipiga filimbi. Tarehe 7 Februari 1971 wanaume waliulizwa tena, na mara hii karibu wawili katika kila watatu wakasema ndiyo. Mwaka huo huo wanawake 10 waliingia katika baraza lenye viti 200.

Hata hivyo jimbo dogo la Appenzell Innerrhoden lilishika desturi yake. Huko wanaume peke yao walikutana ndani ya duara uwanjani, wengi wao wakiwa na panga ubavuni kuwa alama ya haki ya kura. Mwezi wa Aprili 1990 waliinua mikono na kukataa tena. Ndipo shauri likapelekwa mbele ya mahakama kuu ya nchi, nayo ikahukumu mwezi wa Novemba kwamba maneno ya katiba ya jimbo yawahusu wanawake pia. Mahakama haikuandika neno jipya. Ilisoma sawasawa maneno ya zamani. Mwaka 1991 wanawake wakaingia katika duara.

Je, kazi ikaisha? La. Hata mwisho wa mwaka 1987 sheria ilimfanya mume kuwa mkuu wa nyumba, na aliweza kumzuia mkewe asiende kazini. Katiba iliagiza mwaka 1945 kwamba wazazi wa kike wapewe msaada wa uzazi, lakini mshahara wa siku za uzazi kwa nchi nzima haukupatikana mpaka mwaka 2005. Na hata leo mshahara wa wanawake, ukipimwa kwa jumla, ni mdogo kuliko wa wanaume.

Hatusemi haya ili kuwacheka Waswisi. Walikuwa watu wapendao uhuru kwa kweli, na kwa muda mrefu hawakuona ya kuwa nusu ya jamaa zao wamesimama nje wakitazama. Basi kila penye baraza, liwe kubwa au dogo, na tuwahesabu walio ndani ya duara, kisha tugeuke tuwatazame walio nje.