Rosa hakuzaliwa malaya

Nimerudi chuo juzi kutoka mazoezi ya kufundisha na kuna swali bado linanizunguka kichwani. Niliwapa kidato cha tatu zoezi: taja sifa za Rosa katika Rosa Mistika. Karibu madaftari yote yalijibu malaya, mlevi, hana msimamo. Nikaweka vyema tu, maana mwongozo niliokuta pale shuleni ulisema hivyo hivyo. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, alikuwa hivyo tangu mwanzo?" Kengele ikaniokoa.

Jibu lake lina historia ndefu. Kwenye utendi wake wa mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona wa Pate anamuusia binti yake. Mama anaongea, binti kimya; hatujui kama alikubali au alinuna. Karibu miaka 100 baadaye Shaaban Robert anatupa watu ambao majina yao yameshamaliza kazi: Adili ni mwadilifu, Utubora ana utu bora. Hadithi tamu sana (Kusadikika nimeisoma mara tatu), ila mhusika anavyoingia ndivyo anavyotoka.

Halafu mwaka 1971 anakuja Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, na riwaya yake ya kwanza. Rosa anaanza akiwa msichana mwoga. Baba yake, Zakaria, mlevi, anampiga vibaya kisa barua ya mvulana. Anakua akiogopa hata kusalimiana na wanaume, anasoma shule ya wasichana watupu, kisha anafika chuo cha ualimu Morogoro (mwalimu mtarajiwa kama sisi, jamani!) bila kuwahi kuamua jambo lake mwenyewe. Hapo ndo mambo yanaharibika. Ukiondoa kile kipigo cha mwanzo, huelewi kabisa kwa nini mwishoni anajiua.

Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo ya ngono, ingawa baadaye kiliruhusiwa. Mimi nahisi kilichouma zaidi ni Zakaria. Baba wengi walijiona mle ndani.

Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed akatoa Utengano. Maimuna naye kafungiwa ndani na baba, naye anatoroka na kuzama kwenye starehe za mjini. Lakini huyu haachwi afe. Anapewa nafasi ya kujirudi. Hapo kwa kweli namlaumu Kezilahabi (alifariki 2020, Mungu amrehemu). Baada ya kutuonyesha jinsi Rosa alivyofika pale, angemwachia naye kurasa chache za kupumua.

Leo nimeandika swali upya: "Rosa wa mwanzo na Rosa wa mwisho wanatofautiana vipi, na nani kahusika?" Alama 10. Kesho namtumia mwalimu niliyemwachia lile darasa, na nimemwomba aanze na yule binti wa nyuma.