Ushanga, hongo na bei ya kuvuka mpaka

Leo naiweka kando misimbo ya programu niongee kuhusu pakiti za aina nyingine, zile zinazofungwa kwa gundi na kamba. Swali langu ni moja: kwa nini kuleta nusu kilo ya shanga kutoka ng'ambo kunaweza kugharimu kuliko shanga zenyewe?

Kwanza nikushtue kidogo. Zile shanga ndogo za kioo unazoziona kwenye mikufu ya Wamaasai na Wasamburu hazitengenezwi hapa. Zinazopendwa zaidi na mafundi hutoka Jamhuri ya Czech, sehemu za Jablonec nad Nisou, ambako kazi ya kioo ni ya tangu zamani. Kabla ya hapo mfalme wa shanga alikuwa Venice, mji ambao mwaka 1291 uliamuru tanuri zote za kioo zihamie kisiwa cha Murano. Kwa hivyo kile tunachokiita utamaduni wetu (na ni wetu kweli, ubishi sina) kimetegemea bidhaa ya kuagizwa kwa karne nyingi.

Zamani shanga zilishukia Zanzibar, kisha zikapanda bara kwa mabega ya watu. Richard Burton, aliyepita njia ya Bagamoyo mwaka 1857, aliandika kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400. Stanley naye mwaka 1871 alinunua Zanzibar magunia 22 ya aina 11, kwa sababu kila jamii ilikuwa na rangi yake na fasheni yake. Ukifika na rangi isiyotakiwa, umebeba mawe. Ile nyekundu iliitwa samsam, na ilipendwa sehemu nyingi.

Mpagazi mmoja alibeba takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32. Yeye mwenyewe alihitaji kula na kulipwa njia nzima. Halafu kuna hongo. Msafara ukiingia nchi ya mtemi, hasa kule Ugogo, ulilipa nguo na shanga ndipo uruhusiwe kupita na kuteka maji. Hongo ilikuwa ada ya njia, jambo la kawaida kabisa, na ilijadiliwa kwa siku kadhaa. Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa tu. Sijui lugha ilitaka kutuambia nini hapo!

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mpagazi aliondolewa kwenye hesabu kwa upande huu wetu. Lakini reli ni ya mzigo mkubwa. Mtu anayetaka nusu kilo anategemea posta, na hapa ndipo hadithi inapomnogea mtu wa tarakilishi kama mimi.

Mwaka 1874 nchi 22 zilikutana Bern, Uswisi, zikaunda chama ambacho baadaye kiliitwa Umoja wa Posta Duniani. Makubaliano yao yalikuwa rahisi ajabu: kila nchi ibaki na pesa za stempu zake, na barua za wageni izigawe bure. Walidhani kila barua itajibiwa, kwa hivyo mizani itajisawazisha yenyewe. Wahandisi wa mitandao watanielewa: ndivyo kampuni mbili za intaneti zinavyobadilishana pakiti bila kudaiana, mradi pande zote mbili zinapeleka kiasi kinachokaribiana.

Tatizo ni kwamba magazeti, vitabu na vifurushi havijibiwi. Nchi zilizopokea zaidi zilikuwa zinagawa mizigo ya wengine kwa hasara, na mwaka 1969, kwenye mkutano wa Tokyo, ikakubaliwa kwamba anayetuma amlipe anayepokea ada ya kugawa. Nchi zinazoendelea ziliwekewa viwango vya chini. China ilihesabiwa humo kwa miaka mingi, na huo ni mmoja wa mizizi ya vile vifurushi vyake vidogo vya bei ya kutupa. Mwaka 2011 posta za China na Marekani zilianza huduma maalumu ya vifurushi hivyo, na wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwamba kutuma mtaa wa pili kunawagharimu zaidi kuliko Mchina kutuma kutoka kwake. Oktoba 2018 Marekani ilitangaza kujitoa kwenye Umoja. Mkutano wa dharura wa Geneva, Septemba 2019, ukairuhusu kujipangia viwango vyake kuanzia Julai 2020.

Unaona sasa? Umbali ni sehemu ndogo ya bei. Bei ni nani alikubaliana na nani kuhusu ile kilomita ya mwisho, na stempu inauzwa bei gani kule mzigo unakoanzia. Ndiyo maana shanga za China hufika Nairobi kwa nauli ndogo (polepole, lakini zinafika), na zile za Czech huja na nauli ya Kizungu.

Dada yangu anatunga shanga, na kwa kuwa malipo ya mtandaoni hupitia kwangu, risiti naziona. Juu ya nauli kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada ya wakala. Ada ya wakala ndiyo inayoniudhi. Haijali kama umeleta gramu 500 au katoni nzima, kwa hivyo anayeumia ni fundi mdogo. Siku hizi yeye na wenzake wanne wanaagiza pamoja, nami nimewaandikia programu ndogo ya kugawana gharama kwa gramu. Wanaiita msafara.

Upande wa kuuza nako kumebadilika. Ulaya iliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya yuro 22 tarehe 1 Julai 2021. Marekani, ambayo tangu 1938 ilikuwa na sheria ya kupitisha vitu vidogo bila ushuru, na tangu 2016 ilikuwa imefika dola 800, ilifuta msamaha huo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Posta nyingi duniani zilisimamisha vifurushi vya kwenda huko kwa sababu hazikuwa na njia ya kukusanya ushuru mapema. Maana yake, ushanga ule ule unaweza kulipiwa ushuru ukiingia Mombasa, kisha ukalipiwa tena New York ukiwa mkufu.

Kama unaagiza nyuzi, rangi, ngozi au shanga, niandikie: uzito ulikuwa gani, ulitoka wapi, na kati ya nauli, ushuru na wakala, nani alikula zaidi? Nataka kuiboresha hiyo programu ya msafara.