Pembe na Bilauri

Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, mwogeleaji Mmarekani Michael Phelps alionekana na madoa ya mviringo, mekundu, yamemjaa mabegani. Watu wa kila nchi waliuliza amepatwa na nini, wakajibiwa kwamba ni tiba ya Kichina. Ama mzee wa Afrika Mashariki aliyepata kuumikwa, huyo hakuwa na haja ya kuuliza.

Ewe msomaji, ikiwa unakaa Thika au Ruiru, Wachina si watu wa mbali kwako. Barabara kuu uifuatayo kwenda Nairobi ilipanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012 na makampuni matatu ya nchi yao. Na huko Nairobi wako waganga wao, ambao wengi hujulikana kwa sindano. Lakini sindano haikuwa peke yake tangu kale. Ilikuwa na wenzake: kukanda mwili, ambako wao hukuita tuina, yaani kusukuma na kushika, kukwaruza ngozi kwa kitu butu mpaka iwe nyekundu, na kuumika. Wasidhaniwe kuwa walikuwa vibarua tu wa mganga mwenye sindano. Zama za wafalme wa Tang, waliotawala tangu mwaka 618 hata 907, ofisi ya tiba ya mfalme ilikuwa na idara ya ukandaji, yenye walimu na wanafunzi wake.

Kuumika kuna habari ya kale zaidi. Mwaka 1973, mahali paitwapo Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, lilifukuliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani yake mlikuwa na maandishi ya tiba juu ya hariri, na humo imetajwa pembe ndogo ya kuumikia. Liangalie sana neno hilo, pembe. Mianzi, vyungu na bilauri vilikuja baadaye.

Basi na kwetu je? Mwumishi alichukua pembe ya mnyama, akaitoboa nchani, akaibandika mahali penye maumivu, akavuta hewa kwa kinywa chake, kisha akaziba tundu kwa nta. Waswahili husema kuumika, na chombo chenyewe ni ndumiko. Waganda husema kulumika, Washona kurumika, Wazulu kulumeka. Watu hawa wametengana kwa maelfu ya maili, na neno lao ni moja. Kwa hiyo wataalamu wa lugha hulihesabu miongoni mwa maneno ya kale mno ya Kibantu, lililokuwa vinywani mwa wazee wetu kabla hawajatawanyika. Pwani, Waislamu wana hijama, iliyosifiwa katika mapokeo ya Mtume. Hakuna aliyengoja barabara ya Thika ijengwe ndipo ajifunze.

Hata hivyo wako vijana waliosoma ambao huiona pembe ya nyanya yao kuwa ushenzi, na bilauri ya Mchina kuwa elimu. Wengine hudhani Ulaya haikupata kufanya mambo hayo. Mwandishi Mwingereza George Orwell alilazwa katika hospitali moja ya Paris mwaka 1929, akiwa na ugonjwa wa mapafu, akaumikwa kwa bilauri hapo hapo wodini. Aliyasimulia mwenyewe mwaka 1946, wala hakuyasimulia kwa furaha.

Kazi ya pembe na ya bilauri ni ile ile. Pembe hunyonywa, bilauri hutiwa moto ndani, na hewa ipoapo hupungua nguvu. Ngozi huvutwa juu, mishipa midogo ya damu hupasuka, na doa hubaki siku kadhaa. Wachina husema kwamba hivyo hufunguliwa njia za nguvu ya uhai mwilini. Lakini wapasuaji wa miili hawajaziona njia hizo. Wako waliopimwa wakaonekana kupata nafuu ya maumivu ya shingo na mgongo, ingawa vipimo vyenyewe vingi ni dhaifu. Malaria haitoki kwa bilauri, wala kwa pembe. Tena pale mwumishi achanjapo ngozi ili damu itoke, wembe uliotumiwa kwa mtu mwingine waweza kukuletea Ukimwi au homa ya ini. Muulize habari ya wembe wake, awe ni mzee wa kijijini au daktari mwenye koti jeupe.

Pembe hiyo ina jina jingine katika kamusi zetu: chuku. Kupiga chuku ni kuumika. Na kupiga chuku pia ni kutia chumvi katika maneno. Mtu akikuahidi kwamba chombo chake huponya kila ugonjwa, jua kuwa anazipiga chuku zote mbili kwa pamoja.