Darasa na Baraza: Mpaka wa Masomo na Mazungumzo, Kaloleni ya Voi

Kiswahili hutofautisha darasa na baraza. Darasa, neno lenye asili ya Kiarabu, ni pahali pa kusomea. Baraza ni kikalio cha mbele ya nyumba, penye salamu, habari na mzaha. Kwa muda mrefu tofauti hiyo ililindwa na kuta pamoja na kengele.

Yafaa kukumbukwa, hata hivyo, kwamba hapo mwanzo ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba. Wamisionari wa C.M.S. walifika Sagalla, kilima kilicho kusini mwa Voi, mwaka 1883. Mmoja wao, J. Alfred Wray, alichapisha mwaka 1894 kitabu cha kufunza lugha ya Kitaita. Kitabu cha namna hiyo hakipatikani ila kwa kuketi na wenyeji na kuzungumza nao. Mwalimu wa darasani, basi, alisomea barazani.

Machi 16, 2020, shule za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya korona, ukuta uliondoka. Katika kata kama Kaloleni ya Voi (isichanganywe na Kaloleni ya Kilifi), mtoto aliyebahatika alipokea masomo kwa simu ya mzazi, na simu hiyo hiyo ndiyo iliyopokea habari za misiba na maombi ya michango. Hesabu za sehemu zilikaa chini ya salamu za rambirambi.

Dawa iliyotumika mara nyingi ilikuwa amri: hili ni kundi la masomo, salamu zipelekwe kwingine. WhatsApp yenyewe ilikuwa imekwisha kuwapa wasimamizi, tangu mwaka 2018, uwezo wa kuwafunga wengine midomo. Amri hiyo ina kasoro ambayo wataalamu wa lugha hawana budi kuitazama. Kwa Mswahili, na kwa Mtaita vilevile, swali lisilotanguliwa na salamu ni utovu wa adabu, hasa likitoka kwa mtoto kwenda kwa mwalimu. Asiyejali huuliza, mwenye malezi hunyamaza, na mwalimu hudhani ameelewa.

Shule zote zilifunguliwa Januari 4, 2021, na kengele ikarudi kazini, lakini makundi hayakuvunjika yote. Aprili 2022 WhatsApp ilitangaza mpango wa kuyaweka makundi mengi chini ya jumuiya moja, kila moja na chumba chake. Hata humo, mtoto aingiapo chumba cha masomo bado hajui aanze na swali au na shikamoo.