Baiskeli ya milimani kwa mkopo usio na riba: mnunuzi wa Uingereza analindwa na nini?

Nchini Uingereza, baiskeli ya milimani yenye bei ya pauni 1,200 inaweza kutoka dukani siku hiyo hiyo kwa kianzio cha pauni 120. Pauni 1,080 zinazobaki hulipwa kwa miezi 12, pauni 90 kila mwezi, na jumla haizidi bei iliyoandikwa. Hiyo ndiyo maana ya tangazo la "riba asilimia sifuri" linaloonekana katika maduka mengi ya baiskeli nchini humo. Kwa mfanyakazi wa kipato cha kawaida, wakiwemo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki na Kati, utaratibu huu hufungua mlango ambao fedha taslimu isingeufungua.

Hata hivyo, sifuri hiyo hueleza gharama ya fedha peke yake. Haielezi haki za mnunuzi baiskeli ikiharibika, duka likifungwa au mshahara ukichelewa. Na kinyume cha wengi wanavyodhani, mkopo mfupi usio na riba unaweza kuwa na ulinzi mdogo wa kisheria kuliko mkopo mrefu.

Nani hulipa riba?

Kwa kawaida anayekopesha si duka, bali benki au kampuni ya fedha iliyoingia mkataba na duka hilo. Mkopeshaji hulilipa duka mara tu baada ya mauzo, akikata ada yake. Kwa hiyo riba haikutoweka: muuzaji ameilipa kwa niaba ya mteja ili auze baiskeli ambayo pengine ingebaki dukani.

Hii ndiyo sababu baadhi ya maduka huziondoa baiskeli zilizopunguzwa bei katika mpango huo. Mnunuzi anayekuta baiskeli hiyo hiyo kwa pauni 1,000 taslimu mahali pengine anapaswa kutambua kwamba mkopo wa "bure" wa pauni 1,200 unamgharimu pauni 200.

Vilevile, si kila tangazo la aina hii lina maana moja. Ipo mikopo ambayo riba ni sifuri tangu mwanzo hadi mwisho. Ipo pia mikopo ambayo riba imeahirishwa tu: mteja asipomaliza deni ndani ya muda wa ofa, riba hutozwa kuanzia siku ya ununuzi. Tangu Novemba 2019, kanuni za Mamlaka ya Usimamizi wa Fedha, FCA, zinakataza kutoza riba hiyo ya nyuma kwa sehemu ambayo mteja aliilipa ndani ya muda wa ofa. Sehemu iliyobaki haina kinga hiyo. Kwa mnunuzi Mwislamu anayejiepusha na riba, tofauti kati ya mikataba hii miwili ni jambo la msingi, wala haionekani kwenye tangazo. Imo ndani ya mkataba.

Miezi 12 au 24?

Sheria ya Mikopo kwa Watumiaji ya mwaka 1974 ina Kifungu cha 75, ambacho humfanya mkopeshaji awajibike pamoja na muuzaji. Kinahusu bidhaa yenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Duka likifilisika kabla ya kukabidhi baiskeli, au fremu ikipasuka kwa kasoro ya kiwandani na muuzaji akakataa kuwajibika, mteja anaweza kumdai mkopeshaji.

Lakini kifungu hicho hufuata mikataba inayosimamiwa na sheria hiyo. Mkopo usio na riba wala ada nyingine, unaolipwa kwa awamu zisizozidi 12 ndani ya miezi 12, umekuwa ukiruhusiwa kuwa nje ya usimamizi huo. Matokeo yake, mnunuzi aliyechagua miezi 24 anaweza kuwa na dai dhidi ya mkopeshaji, huku aliyechagua miezi 10 kwa baiskeli ile ile akabaki na muuzaji peke yake.

Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilipitisha mabadiliko ya kuiweka mikopo hiyo mifupi chini ya FCA inapotolewa na mkopeshaji wa nje, na tarehe iliyopangwa ya kuanza ni 15 Julai 2026. Mabadiliko hayo yanamtaka mkopeshaji apime uwezo wa mteja wa kulipa, na yanampa mteja njia ya kupeleka malalamiko kwa msuluhishi huru wa masuala ya fedha. Duka linalokopesha kwa fedha zake lenyewe bila riba linabaki nje ya utaratibu huo.

Dhidi ya muuzaji, haki ipo kwa kila mnunuzi, awe amekopa au amelipa taslimu. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inampa siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kurejeshewa fedha zake.

Baiskeli kupitia mwajiri

Tangu mwaka 1999 upo pia mpango wa kupata baiskeli ya kwendea kazini kupitia mwajiri. Mfanyakazi hukodishiwa baiskeli, na kodi yake hukatwa kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato na mchango wa bima ya taifa, hivyo hupata nafuu ambayo mkopo wa dukani hauna. Lakini baiskeli si yake moja kwa moja muda ukiisha. Akitaka kuimiliki hulipia thamani iliyobaki. Kwa baiskeli ya pauni 500 au zaidi, mamlaka ya kodi hukadiria thamani hiyo kuwa asilimia 25 baada ya mwaka mmoja na asilimia 7 baada ya miaka minne.

Mpango huu una kizuizi kinachowagusa wenye kipato kidogo: makato hayaruhusiwi kuushusha mshahara chini ya kima cha chini cha kisheria. Mtu aliyejiajiri naye hawezi kuutumia.

Malipo yanapokwama

Baiskeli ikiibwa, deni haliibwi nayo. Mteja huendelea kulipa hadi awamu ya mwisho, ndiyo maana bima na kufuli imara ni sehemu ya bei halisi, pamoja na matengenezo ya breki na vifyonza mshtuko ambavyo huchakaa haraka kwenye njia za mawe na matope. Awamu ikikosekana, mkopeshaji anaweza kutoza faini na kuripoti kwa kampuni zinazotunza rekodi za ukopaji. Deni lililoshindikana kulipwa hubaki katika rekodi hizo kwa miaka sita, na linaweza kumzuia mhusika kupata mkopo wa nyumba, au hata mkataba wa simu.

Kwa mgeni nchini humo ambaye hana rekodi yoyote, ombi la mkopo linaweza kukataliwa hata kama ana kazi ya kudumu.

Kabla ya kutia saini, mnunuzi anashauriwa kupata majibu ya maandishi kwa maswali manne: je, riba ni sifuri hadi mwisho au imeahirishwa, mkataba unasimamiwa na sheria ya mwaka 1974 au la, faini ya kuchelewa ni kiasi gani, na bei ya taslimu ni ipi. Mkataba unaosimamiwa humpa pia siku 14 za kujitoa katika mkopo bila kutoa sababu, ila kujitoa huko hakurudishi baiskeli dukani: bei yake itabidi ilipwe kwa njia nyingine.