Vita Hupita, Mpaka Hubaki: Karagwe na Kyerwa katika Migogoro Mitatu

Kila ninapofundisha historia ya vita husisitiza kwamba sababu ni za aina mbili. Ipo sababu ya karibu, yaani tukio linalowasha moto. Na zipo sababu za mbali, ambazo ni kuni zilizokusanywa kwa miaka mingi bila mtu kuzitazama. Vitabu vingi hutoa mfano wa Sarajevo, Juni 1914. Mfano huo ni mzuri, lakini humfanya mwanafunzi wa Kitanzania aamini kwamba historia ya vita ni mali ya Ulaya. Mimi huona kuwa mtu anayetaka kuelewa vita huanzaje, na hasa humwachia nani mzigo, anaweza kuanzia Karagwe na Kyerwa.

Wilaya hizi zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Magharibi zinapakana na Rwanda na kaskazini, upande wa Kyerwa, na Uganda. Mto Kagera ndio mpaka katika pande zote hizo mbili. Historia niliyonayo hapa ni ya mto huo na watu wanaoishi kandokando yake.

Mgogoro wa kwanza ni wa katikati ya karne ya 19. Baada ya kufa mtawala wa Karagwe, Ndagara, wanawe waligombea kiti. Sababu ya karibu ilikuwa urithi: Rumanyika kwa upande mmoja na nduguye Rogero kwa upande mwingine. Sababu ya mbali ilikuwa pembe za ndovu. Wakati huo njia ya misafara kutoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, ilipita Karagwe kuelekea Buganda, na wafanyabiashara walihitaji mtawala rafiki. Musa Mzuri, mfanyabiashara mashuhuri wa Kazeh, alimsaidia Rumanyika, naye akashinda. Speke na Grant walipofika Bweranyange mwishoni mwa mwaka 1861 walipokewa na mtawala mkarimu, mdadisi na mwenye heshima kubwa. Hawakuona udhaifu uliojificha ndani ya ushindi wake: kiti cha enzi kilikuwa kimeanza kutegemea mkono wa nje. Rumanyika alipofariki, ugomvi wa urithi ulirudi kwa ukali zaidi. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikateketeza ng'ombe, na katika nchi ile ng'ombe walikuwa utajiri na pia kifungo cha mahusiano kati ya mtawala na watu wake. Wajerumani walipojenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, Karagwe haikuwa na nguvu ya kujadiliana nao kama dola kamili.

Hapo ndipo mipaka ilipochorwa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 uliweka mpaka wa magharibi ya Ziwa Viktoria kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Mstari huo haukujali mto wala ukoo. Ndiyo maana ukiwa Murongo, mto ndio mpaka wetu na Uganda, lakini ukielekea mashariki hadi Missenyi, mpaka unauacha mto na kukata nchi kama rula. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Rwanda iliyokuwa chini ya Wajerumani ilikabidhiwa kwa Wabelgiji, na Tanganyika kwa Waingereza. Katika makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919, eneo la Gisaka, ng'ambo ya mto, liliwekwa upande wa Tanganyika kwa sababu Waingereza walilitaka kwa ajili ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Mwishoni mwa mwaka 1923 likarudishwa Rwanda. Mtu wa Gisaka alibadilishiwa utawala mara mbili bila kuhamisha hata jiwe la jikoni kwake. Tukumbuke jambo hili, kwa maana tutalihitaji mbele.

Mgogoro wa pili ni Vita vya Kagera. Sababu ya karibu inafahamika: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo la kaskazini mwa mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,840, ni mali ya Uganda. Sababu za mbali ni nyingi zaidi. Tanzania ilimpa hifadhi Milton Obote baada ya mapinduzi ya Januari 1971. Mwaka 1972 wafuasi wake walijaribu kuivamia Uganda kutoka ardhi yetu wakashindwa, na makubaliano ya Mogadishu ya mwaka huohuo yalituliza mambo bila kuyamaliza. Ndani ya Uganda uchumi ulikuwa umeporomoka tangu Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, na kufikia 1978 jeshi lenyewe lilikuwa na maasi. Mtawala aliyebanwa nyumbani alitafuta adui nje, na ule mstari wa mwaka 1890 ukampa hoja: kwamba mpaka halali ni mto.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Tulishinda, na ushindi ule ulikuwa wa haki. Lakini wajibu wa mwanahistoria ni kuuliza hesabu ya ushindi ililipwa na nani. Mashujaa wetu wamelala Kaboya, Muleba. Magofu ya kanisa la Kyaka bado yapo mlimani. Gharama za vita, zinazokadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 500, ziliingia katika uchumi uliokwisha kudhoofishwa na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na zikakutana na kupanda kwa bei ya mafuta. Sabuni, chumvi na sukari vikawa adimu, na magendo yakawa njia ya kawaida ya kuishi kwa watu wa mpakani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wa Kagera. Wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizoingizwa kwa magendo kutoka Uganda. Jina lile lilikuwa na maarifa ndani yake: watu walijua kwamba dhiki, biashara ya siri na maradhi vilikuwa vimepita njia moja.

Mgogoro wa tatu ulitoka magharibi. Tangu mwaka 1959 Watutsi waliokimbia mauaji nchini Rwanda walianza kuingia Kagera, na wengine wakapewa makazi Nkwenda, katika Kyerwa ya leo. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Uamuzi huo haukuwa wa kawaida barani Afrika, wala leo hauzungumzwi inavyostahili. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF waliingia Rwanda kutoka Uganda kupitia Kagitumba, mahali ambapo nchi hizo mbili zinakutana na Kyerwa. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 1993. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana, akitokea Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Hiyo ilikuwa cheche tu. Chuki iliyofundishwa kwa miongo, na mipango ya mauaji dhidi ya Watutsi iliyoandaliwa mapema, ndizo zilizokuwa kuni. Maiti zilielea katika mto Kagera, zikapita kando ya ardhi yetu hadi Ziwa Viktoria.

Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takriban saa 24. Karagwe nayo ikawa na kambi zake: Chabalisa, Kagenyi, Rubwera. Misitu ilikwisha kwa kuni za kupikia. Ndani ya kambi walikuwamo wahanga wa vita na pia waliotenda mauaji, na mwananchi wa kijijini hakuwa na namna ya kuwatofautisha. Serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warejee kwao ifikapo tarehe 31 Desemba 1996, na karibu wote wakarejeshwa. Nchi iliyotoa uraia mwaka 1980 ilikuwa imechoka.

Mwaka 2013 uchovu huo ulizaa jambo jingine. Serikali iliwapa wahamiaji haramu muda wa kuondoka, kisha ikaendesha Operesheni Kimbunga dhidi ya ujambazi na uhamiaji haramu. Maelfu ya watu waliondoka Kagera, na miongoni mwao walikuwamo walioishi hapa kwa miongo kadhaa na kuoa au kuolewa na Watanzania. Sikatai haki ya dola kulinda mpaka wake. Ujambazi katika barabara za Kagera ulikuwa wa kweli na uliua watu. Ninachouliza ni hiki: mtu ambaye babu yake alipokewa Nkwenda, au ambaye ukoo wake uligawanywa na wino wa Milner na Orts, athibitishe vipi kwamba ni wa hapa? Kwa lafudhi? Kwa umbo la pua? Tumekwisha kuona ng'ambo ya mto mahali njia hiyo inapofika.

Watumishi wa umma mnaosoma makala haya, hasa maofisa watendaji wa vijiji na kata na maofisa wa uhamiaji, mnashika kalamu nzito kuliko mnavyodhani. Fomu ya kitambulisho cha taifa katika kijiji cha Kyerwa haifanani na fomu ya Dodoma, kwa kuwa nyuma yake zipo mwaka 1890, 1923, 1959, 1980 na 1994. Anayeijaza bila kuijua historia hiyo anaweza kumnyima raia haki yake kwa dakika tano, au kuiuza haki hiyo kwa asiyestahili. Kumbukumbu za uraia uliotolewa mwaka 1980 zitunzwe na zitumike. Ushahidi wa wazee usikilizwe. Na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kukata rufaa.

Nanyi wanafunzi, msiridhike na sababu ya karibu. Mkiulizwa vita fulani ilianza lini, ulizeni kwanza kuni zilikusanywa lini na nani alizikusanya. Na mkiambiwa imekwisha, nendeni mpakani mkaulize nani bado anailipa.