Walipotoa Upepo Matairi Mlimani

Juzi nilipita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikakuta vijana wakibishana juu ya muziki wa sherehe yao. Nikakumbuka ugomvi mwingine wa starehe, uliotokea hapo hapo Mlimani mwaka 1968, mimi sijazaliwa.

Enzi hizo kulikuwa na Siku ya Matambara, desturi iliyoletwa kutoka vyuo vya Uingereza. Wanafunzi walivaa matambara, wakazunguka mjini kwa malori wakichekesha watu ili kuwachangia maskini. Wenzao wa USARF, chama kilichoundwa mwaka 1967, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, waliiona ni dhihaka tupu. Maskini avae matambara kwa kukosa, msomi avae kwa kujifurahisha? Siku ilipofika wakatoa upepo matairi ya malori.

Wao muda wao wa ziada ulikwenda kwenye madarasa ya itikadi ya Jumapili na, tangu 1969, kwenye jarida lao, Cheche. Novemba 1970 vyote viwili, chama na jarida, vikapigwa marufuku. Ikaelezwa kwamba jina Cheche limeazimwa kwa Warusi, na Tanzania ina ujamaa wake.

Kuhusu matambara, niko upande wao. Kuhusu matairi, nasita. Waliowazuia wenzao bila kuwauliza, miaka 2 baadaye walizuiwa nao bila kuulizwa. Vijana wa TANU hapo chuoni wakaanzisha jarida jingine, MajiMaji, na baadhi ya waandishi walikuwa wale wale.